Pawabenki ya "mAh 50,000" yenye gramu 236, na jinsi nilivyoidai pesa yangu

Ndugu zangu, karibuni. Naiweka hapa mbele ya kamera muione vizuri. Pawabenki nyeusi, kioo kidogo cha namba, tochi kwa juu, matundu ya USB, na hapa ubavuni, kwa maandishi ya dhahabu: mAh 50,000. Hiyo mAh ni miliampea-saa, kipimo cha umeme inaoweza kubeba. Nimeinunua mtandaoni, hapa Kenya, kwa shilingi 3,500. Mambo ya rangi na urefu wa kebo siyagusi, hayo kila tangazo linayo. Leo nataka namba hii moja tu, hii elfu hamsini. Ni uongo, pesa yangu imerudi, na nataka wewe uliyeuziwa kitu kama hiki nawe uidai yako.

Tuanze na mizani. Hii ni ya jikoni, ya kupimia unga wa keki. Naiwasha, inasoma sufuri. Naweka pawabenki. Subiri itulie... gramu 236. Naitoa, naweka hii nyingine ya kampuni ya Xiaomi ambayo yenyewe imeandikwa mAh 10,000 tu. Mnaona? Zinakaribiana kabisa! Sasa niambieni, hizo elfu arobaini za ziada zimekaa wapi?

Nieleze kidogo, maana wengi mmeniuliza. Ndani ya pawabenki mna seli za lithiamu. Ile ya mviringo iliyozoeleka, inayoitwa 18650, ina uzito wa gramu 45 hadi 50. Zilizo bora kabisa hubeba kama mAh 3,500, za kawaida huwa chini ya hapo. Ili ufike 50,000 unahitaji seli kumi na tano za ile daraja ya juu kabisa. Hizo peke yake ni zaidi ya gramu 600, bado hujaweka kasha, bado hujaweka saketi. Hapa nina gramu 236 pamoja na kasha, saketi na tochi yake.

Na kuna jambo lililoniudhi zaidi ya uzito. Tangazo hilohilo, mistari miwili chini, liliandika kwamba "inaruhusiwa kwenye ndege". Haya, tupige hesabu. mAh 50,000 ni Ah 50, yaani ampea-saa 50, unagawa kwa elfu moja. Zidisha kwa volti 3.7 za seli, unapata Wh 185, yaani wati-saa, kipimo cha nishati. Mashirika ya ndege yanakuruhusu kubeba mkononi hadi Wh 100. Kuanzia 100 hadi 160 unaomba idhini ya shirika. Zaidi ya 160 haipandi. Kwa hiyo ikiwa ile namba ya kwanza ni kweli, hili la ndege ni uongo, na ikiwa la ndege ni kweli, namba ni uongo. Muuzaji amejipinga mwenyewe kwenye ukurasa mmoja, na hilo lilinisaidia sana baadaye.

Sasa mita. Kifaa hiki kidogo kinakaa kati ya pawabenki na simu, kinahesabu umeme unaopita. Niliijaza pawabenki mpaka ikaandika 100, nikaichomeka, nikaiacha itoe umeme kwa volti 5 mpaka ikazima yenyewe. Sogea karibu usome kioo: mAh 5,870. Nimewawekea video nzima ya zoezi hili, imeharakishwa, saa inaonekana ukutani nyuma yangu ili mtu asiseme nimekata.

Hapa lazima niwatendee haki wauzaji wote. Hakuna pawabenki inayokupa namba yote iliyoandikwa. Seli ina volti 3.7, simu inataka 5, na katika kupandisha volti kuna umeme unaopotea kama joto. Ndiyo maana ukiigeuza hii ya Xiaomi, nyuma kwa maandishi madogo wameandika uwezo halisi, mAh 5,500, ingawa mbele ni 10,000. Huo ndio uungwana, mtu anakwambia zote mbili. Kwa hiyo usikimbilie kudai pesa kwa sababu ya 20,000 yako imetoa 12,500, hiyo ni sawa kabisa. Lakini elfu hamsini ya kweli ingetoa kama elfu thelathini hivi. Elfu tano mia nane? Hapana, ndugu zangu, hapana.

Na niseme ukweli, kifaa chenyewe si kibaya. Tochi ina mwanga mzuri, stima ikipotea usiku unapikia vizuri tu. Haipati moto. Ingeandikwa 10,000 na kuuzwa 1,500, ningewaambia kanunueni. Lakini tazama hiki kioo cha namba. Kinaandika 97, simu yangu imeshakula robo ya chaji. Bado 97. Halafu ghafla 41! Kumbe hata kioo kimewekwa cha kumtuliza mnunuzi. Hapana, narudisha maneno, hata kwa 1,500 singeichukua.

Kabla sijaingia kwenye kudai pesa: mita hizi nimeagiza chache, nitazigawa kwenye matangazo ya moja kwa moja Jumamosi usiku, baada ya Isha. Jisajili usipitwe. Na ile simu mliyoniomba niichambue imeshafika, ni wiki ijayo.

Haya, pesa. Nilipomwandikia muuzaji mara ya kwanza alijibu, "Shida ni simu yako, kaka." Nikamtumia mizani na mita. Akasema nirudishe anibadilishie. Kunibadilishia na nini? Na nyingine yenye uongo uleule? Kisha akaja na vocha ya kununua kitu kingine dukani kwake. Hapa ndipo watu wengi wanapochoka, wanachukua vocha. Usichukue. Ukikubali kubadilishiwa au vocha, umelifunga lile jambo mwenyewe.

Wauzaji wanapenda sana kukuweka kwenye kundi la "mteja amebadili nia". Wanakutumia masharti yao: bidhaa ikishafunguliwa hairudi. Ndugu yangu, wewe hukubadili nia. Umeletewa kitu tofauti na kile kilichoandikwa. Kwa sisi tulio Kenya, Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, kifungu cha 15, inasema kitu kikiuzwa kwa maelezo, ni sharti kilingane na maelezo hayo. Kununua mtandaoni ni kununua kwa maelezo, maana hukukishika, hukukiona, umesoma tu. Na Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 haikubali haki zako zifutwe na karatasi ya masharti ya dukani. Katiba yenyewe, ibara ya 46, inakupa haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa, haki ya maelezo, na haki ya fidia ukipata hasara.

Ujumbe niliotuma ndio huu, nausoma wote. "Oda yangu ni hii, nililipa tarehe hii, namba ya muamala wa M-Pesa ni hii. Tangazo lenu lilisema mAh 50,000. Kwa uzito na kwa kipimo, bidhaa haifiki hata robo ya hapo. Chini ya kifungu cha 15 cha Sura ya 31 naikataa bidhaa hii. Nataka shilingi 3,500 pamoja na gharama ya kuletewa. Bidhaa iko tayari, tumeni mtu wa kuichukua. Nawapa siku saba, baada ya hapo napeleka malalamiko kwa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya na dai katika Mahakama ya Madai Madogo." Basi. Mamlaka hiyo ni chombo cha serikali kinachopokea malalamiko ya wanunuzi. Hakuna tusi, hakuna kutisha kumwanika Facebook. Nikaambatisha picha ya skrini ya tangazo, ile yenye namba na maneno ya ndege pamoja.

Hiyo picha ya skrini ndiyo kila kitu! Siku mbili baada ya ujumbe wangu, tangazo lilibadilishwa likawa "uwezo mkubwa", namba imetoka. Ningekuwa sina picha, ningebaki na maneno matupu. Kwa hiyo unapolipa, piga picha ukurasa mzima: bei, maelezo, jina la duka, tarehe. Mzigo ukifika, rekodi unapoufungua, karatasi ya oda ionekane. Na usikae nayo kimya. Ukikaa na kitu muda mrefu bila kusema unakikataa, sheria inahesabu umekikubali.

Wengine mnaandika, "Lipa mzigo ukifika, yataisha." Nami nilikuwa nawaambia hivyo kwa nguo na viatu, na bado nasema hivyo. Kwa pawabenki haisaidii. Mtu wa boda amesimama getini, injini inanguruma, utapata wapi muda wa kupima umeme kwa saa kadhaa? Labda ushuke na mizani, na hilo kwa kweli linawezekana, gramu hazihitaji chaji.

Na tafadhali, kuna anayewashauri mtume ujumbe wa muamala kwa 456, namba ya M-Pesa ya kurudishiwa pesa, mseme mmekosea namba. Huduma hiyo ni ya aliyekosea kutuma. Hukukosea kutuma, umedanganywa, na ukisema uongo hapo, muuzaji ndiye anayekuwa na hoja dhidi yako. Dai lako lina nguvu likiwa safi.

Kuhusu ile mahakama, watu huogopa jina. Mahakama ya Madai Madogo inapokea madai yasiyozidi shilingi milioni moja, unaweza kujisimamia mwenyewe bila wakili, na sheria imeipa siku 60 kumaliza kesi. Mimi sikufika huko. Kabla siku saba hazijaisha simu ililia: M-Pesa, shilingi 3,500. Nikaipiga ile skrini picha pia.

Kilichobaki ni 300 ya kuletewa. Muuzaji anasema hiyo alikula mtu wa boda, si yeye. Najua wengine mtaniambia niiache, ni pesa ndogo. Siiachi. Nilimlipa boda aniletee elfu hamsini, na kama maelezo yangekuwa ya kweli nisingeagiza, hivyo hiyo 300 imetoka kwa sababu ya uongo uleule. Malalamiko nimeyaandika leo asubuhi kwa Mamlaka ya Ushindani, na jibu likija nitalisoma hapa. Wewe nenda kachukue pawabenki yako sasa hivi, ipime, uniandikie chini mambo mawili: imeandikwa mAh ngapi, na ina gramu ngapi. Nitapitia kila moja Jumamosi.