Jiko kapu na kidari cha ng'ombe: miezi mitano jikoni kwangu

Nimelitumia hili jiko kapu, kapu la kutunza joto ili chakula kilichochemshwa kiendelee kuiva bila moto, miezi mitano sasa, na nilichokipikia zaidi ni kidari cha ng'ombe. Wengi wanaoyasifu makapu haya wanazungumzia maharage na wali, na hapo sina ubishi nao. Kidari ni mtihani mwingine. Ng'ombe hana mtulinga, ule mfupa unaounganisha bega na kifua, kwa hiyo misuli ya kifua ndiyo inayombebea sehemu ya mbele ya mwili akisimama na akitembea. Nyama yake imejaa nyuzi ngumu, na ukiipika kwa pupa unatafuna ndala.

Kapu lenyewe limesukwa kwa ukindu, kimo chake kinanifika gotini. Ndani limeshonewa sponji ya godoro iliyovalishwa kitambaa cha pamba, juu lina mto wa kufunikia. Nililinunua kwa mama mmoja mshonaji hapa Tanga kwa Sh 40,000. Unachemsha chakula kwenye moto wako wa kawaida, unakitumbukiza humo na sufuria yake, unafunika, joto halina pa kutokea. Afrika Kusini wana mfuko wao wa kitambaa, Wonderbag, ulioanza mwaka 2008, na kazi yake ni hiyo hiyo.

Kabla ya kapu kuna bucha. Huku kwetu nyama inapigwa shoka juu ya gogo. Ukisema kilo mbili unapewa mchanganyiko, mfupa huku, steki kule. Kwa hiyo naenda Jumamosi saa moja asubuhi, kifua kikiwa bado kinaning'inia. "Kaka, nataka kidari, kipande kimoja, usikipige shoka." Mara ya kwanza aliniuliza, "Dada, una shughuli nyumbani?" Siku hizi ananiwekea kando. Namwomba asiyaondoe mafuta ya upande mmoja, unene wa kidole.

Chumvi naipaka usiku. Asubuhi nakifuta kidari maji yote na kukikaanga kwa mafuta kidogo mpaka kiwe na rangi ya buni zilizokaangwa. Msikigeuzegeuze, upande ukishaiva unajibandua wenyewe. Nakitoa, na kwenye mafuta yale yale natia vitunguu maji vinne, thomu, tangawizi, bizari nzima, kijiti cha mdalasini na nyanya. Zikishaungika vizuri natia kikombe kimoja cha maji ya ukwaju, narudisha nyama, naongeza maji yakaribie mgongo wake. Sufuria yangu ni ya lita tano na huwa inakaribia kujaa. Hilo ni muhimu sana, kwa sababu sufuria yenye chakula kidogo hupoa upesi.

Sasa kwenye kapu. Mama mshonaji aliniambia: chemsha dakika 15, weka kapuni, rudi baada ya saa nne. Nikafanya hivyo. Kisu kilikwama. Mara ya pili nikasema nikiache usiku kucha, nikaenda zamu. Niliporudi baada ya saa kumi sufuria ilikuwa vuguvugu na mchuzi una uchachu. Nilimwaga kilo mbili za nyama, na iliniuma. Mimi ni muuguzi. Najua kwamba nyama iliyokaa muda mrefu chini ya nyuzi joto 60 ni shamba la vijidudu, na kuichemsha upya hakuondoi sumu zote walizokwisha kuziacha. Tafadhali, msiwape watoto chakula cha namna hiyo kwa kuona huruma na pesa.

Nikanunua kipimajoto cha jikoni. Kidari kiliingia kapuni mchuzi ukiwa nyuzi 96. Baada ya saa nne ulikuwa 77, baada ya saa sita 70. Zile nyuzi ngumu huanza kulainika na kuwa utelezi, kama wa supu ya kongoro, kuanzia karibu na nyuzi joto 70, na joto likiwa juu zaidi kazi inakwenda upesi zaidi. Kumbe kapu lilikuwa linafanya kazi yake sawasawa, mimi ndiye nilikuwa silipi moto wa kutosha. Sasa nachemsha taratibu dakika 45, naweka kapuni saa nne, nakitoa na kukiamsha kwa kukichemsha tena dakika 20, kisha kinarudi kapuni saa tatu. Ukiondoa kukaanga, gesi inawaka saa moja na dakika tano. Zamani nilikuwa nakiachia moto mdogo saa tatu na nusu, na mtungi wa kilo 6 ulikuwa haufiki mwisho wa mwezi.

Uma unaingia na kuzunguka bila kushika. Nakiacha nusu saa kipoe ndani ya mchuzi wake, maana kikikatwa cha moto kinavunjika ovyo, halafu nakikata kwa kuzikatisha nyuzi, vipande vya unene wa penseli. Mafuta ya juu yanatikisika ukiigusa sahani.

Tunaishi na mama mkwe wangu, naye hana magego. Alikuwa anainyonya nyama mchuzi wake na kuisogeza pembeni mwa sahani, kimya kimya, nisije nikajisikia vibaya. Jumapili ya kwanza kidari kilipoiva kama kinavyotakiwa, sahani yake ilirudi jikoni tupu. Akaniuliza, "Mwanangu, hii umeipikia papai?" Sikutia papai hata chembe.

Kasoro zipo. Mto wa juu ni mwembamba, joto linapanda na kutokea hapo. Mimi naongeza blanketi lililokunjwa mara nne. Mvuke unalowesha kitambaa cha ndani, na kwa kuwa kimeshonewa moja kwa moja hakifuliki. Wakati wa masika kilipiga ukungu, ikabidi nilianike kapu juani siku mbili huku nikifukuzana na mvua. Kitu cha Sh 40,000 kinachokaa na chakula kilipaswa kutoka na kitambaa cha kuvua.

Nimemrudia mama mshonaji na kipimajoto changu mkononi, nikamwonyesha. Nimeagiza la pili: kitambaa chenye zipu, mto wa unene wa vidole vinne. Ameongeza Sh 8,000, nimekubali, na nitalichukua Ijumaa.