Kilwa au Mikindani, ukienda kusini uanzie wapi?

Kila mtu akipata likizo ni Zanzibar, kusini mwa Tanzania hakuna anayepakumbuka, halafu wachache wanaoenda wanabishana hili.

Kwa magofu, Kilwa Kisiwani haina mpinzani. Kuna Msikiti Mkuu ulioanza karne ya 11, kuna kasri la Husuni Kubwa na lile bwawa lake la pembe nane linalotazama bahari, msafiri Ibn Battuta alipita hapo 1331 akausifu mji, na UNESCO wameuweka kwenye urithi wa dunia tangu 1981. Mikindani ni mji mdogo tu karibu na Mtwara, milango ya kuchonga, nyumba za mawe zimechoka, na boma la Mjerumani la 1895 ambalo siku hizi ni hoteli. Ila watu bado wanaishi humo, unakula samaki, unapiga stori barazani.

Kufika, Kilwa iko karibu zaidi na Dar, kama kilomita 300, ila ukishafika Kilwa Masoko, mji wa huku bara, bado kuna kibali na boti ya kuvuka kwenda Kisiwani, na ukiwa peke yako hiyo boti itakuuma, nendeni kikundi mgawane. Mikindani ni mbali kweli lakini Mtwara kuna ndege, ukishuka ni daladala tu umefika.

Bahari je? Hapo Mtwara inashinda, ufukwe wa Msimbati mchanga mweupe na hakuna fujo.

Una wikiendi na unapenda historia, Kilwa. Una wiki nzima na watoto wanaotaka kuogelea, shuka mpaka Mtwara, Kilwa utaipitia ukirudi.