Kozi fupi ya mitandao ya kompyuta Mwanza: hela imeniuma, ila subirini kwanza

Jina la kituo sitalitaja. Kiko huku huku Mwanza mjini, waliopita pale watakijua. Mimi nasoma elektroniki, na ada ya kozi hii niliipata kwa kuungaunga, maana siku hizi kila kifaa tunachofundishwa kutengeneza kinataka kuunganishwa na kingine. Nilichokutana nacho nusura nidai hela yangu.

Ilikuwa siku ya kutengeneza kebo ya mtandao. Mwalimu akaandika ubaoni mpangilio wa waya nane kwenye kichwa cha kebo, wa 1 hadi wa 8: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. "Karirini." Basi, hakuna la ziada. Mwenzetu mmoja akapanga kila rangi na pacha wake, kijani ikakaa ya 4 na bluu ya 6, upande huu na ule. Tesita, kile kifaa cha kupimia kebo, ikawasha taa zote nane kwa mpangilio, mwalimu akapitisha. Tukaivuta kebo kutoka kwenye swichi, kile kifaa kinachounganisha kompyuta za mtandao, hadi chumba cha mbali. Ping, ule ujumbe mfupi wa kupima kama kompyuta nyingine inafikika, ikajibu, lakini kunakili faili moja la video ikawa kazi ya kukaa na kungoja. Nikanyoosha mkono kwa adabu zote: "Samahani mwalimu, taa zimewaka zote, mbona ni nzito hivi? Na kwa nini jozi ya kijani inatenganishwa, mmoja wa 3, mwingine wa 6?"

Akanitazama toka juu mpaka chini. "Wewe fundi redio, umekuja kujifunza au kunifundisha?"

Darasa zima likaangua kicheko. Jamani, nimelipa ada niitwe hivyo? Tena kwa swali ambalo jibu lake ni somo letu lenyewe la elektroniki!

Aliyenijibu ni dada anayetunza maabara. Wenzangu walipotoka kwenda kunywa chai akaniambia, "Njoo, mdogo wangu." Akakata kichwa cha ile kebo, akamenya ganda, akanionyesha waya zilivyosokotwa mbili mbili. Ishara inapita kwenye waya mbili kwa kupingana. Kelele, yaani umeme wa kuvuruga unaotoka nje, ikiingia, inaingia kwenye zote mbili sawa, na kifaa cha upande wa pili kinasoma tofauti yao tu, kwa hiyo kelele inajifuta. Namba 3 na 6 zinafanya kazi pamoja, kwa hiyo lazima ziwe za msokoto mmoja; kwenye kebo ya mwenzetu zilikuwa za misokoto miwili tofauti, ndiyo maana ikawa nzito. Katikati, 4 na 5, ndipo jozi ya simu inapokaa tangu zamani. Tesita ya taa inaangalia kama waya umefika, haijui umesokotwa na nani. Dakika chache tu, nikaelewa kitu ambacho ubao haukunipa.

Sasa niwe mkweli, yule mwalimu kwenye anwani za IP, zile namba za kutambulisha vifaa kwenye mtandao, ni moto. Alivyokata mtandao wa 192.168.1.0 vipande vinne, ndizo subneti, kila kimoja anwani 64, mbili zikatengwa, zikabaki 62 za vifaa, hata waliokuwa nyuma wakisinzia walishika kalamu. Mtu anajua hivi, kwa nini amdhalilishe mwanafunzi?

Nilitaka kuandika msiende kabisa. Nendeni, hasa kwa ajili ya subneti. Lakini kabla ya kulipa ulizeni pale mapokezi kama yule dada bado yupo maabara. Wakisema ameondoka, rudini nyumbani na hela zenu.