Tanga la tabaka kwa mashua ndogo za mbio: liruhusiwe, ila kwa masharti

Nianze na hukumu yangu: tanga la tabaka ni bora kuliko la kitambaa cha kufumwa, ambalo ndilo pekee kanuni yetu inalolikubali, na kundi letu la mashua za namna moja linapaswa kuliruhusu, kwa masharti nitakayoyataja bila kuuma maneno. Mjadala wa kuibadilisha kanuni hiyo umekuwa mrefu, na wengi wanaouvutia upande huu au ule hawajawahi kulitweka. Mimi nimelitumia msimu mzima, sambamba na tanga letu la kawaida, baada ya fundi aliyelikata kutuazima ili wanachama wapate kitu cha kuzungumzia.

Mimi ndiye ninayeshika usukani na mdogo wangu ndiye wa mbele. Wote wawili ni wepesi. Upepo ukizidi tunahangaika kuliko wenzetu wenye miili. Halafu matanga ya kundi yakichanika huletwa kwangu, kwenye cherehani. Kwa hiyo nalijua tanga likiwa limejaa upepo, na nalijua likiwa limeraruka chini ya sindano.

Hili nililopewa ni seti ya tanga kuu na tanga la mbele, vyote kwa vipimo vilevile vya kundi. Kilichobadilika ni malighafi tu. Badala ya kitambaa cha poliesta kilichofumwa, ambacho tumezoea kukiita dakroni, hapa kuna utando wa plastiki pande mbili, katikati yake pamelazwa nyuzi za poliesta, na vyote vimeshikanishwa kwa gundi. Ukiliinua kwenye mwanga unaziona nyuzi zikitoka pembe ya nyuma kwenda juu, njia ileile inayopitwa na nguvu ya upepo. Hakuna kaboni wala Kevlar, zile nyuzi ngumu za gharama kubwa, ndani yake. Nasisitiza hilo kwa sababu mtu akisikia habari ya matanga ya kisasa, akili yake inakimbilia yale meusi ya mashua kubwa za matajiri.

Kwa nini malighafi iwe na uzito wote huu? Kitambaa cha kufumwa kina mtande na mshindio, yaani nyuzi za urefu na za upana zilizopishana. Ukikivuta sambamba na uzi kinakaza. Ukikivuta kwa mshazari kinalegea, kwa kuwa hakuna uzi uliolala upande huo. Hata kwenye uzi wenyewe kuna ulegevu, maana kila uzi unapanda na kushuka juu ya mwenzake, na ukivutwa hutaka kunyooka kwanza. Watengenezaji huuziba ulegevu huo kwa kukishindilia kitambaa resini, aina ya gundi inayokauka ikawa ngumu, mpaka kinalia ukikikunja. Resini hiyo ndiyo inayolipa tanga jipya la dakroni makali yake, na ndiyo inayotangulia kufa. Kila linapopapatika, tuseme mkiwa mmekusanyika nyuma ya mstari wa kuanzia mkisubiri honi, resini inapasuka kidogo kidogo. Jicho halioni kitu. Tumbo la tanga, yaani sehemu yake yenye kina, ndilo linaloanza kuhama.

Hapo ndipo tofauti niliyoiona majini ilipo. Nililala sakafuni mwa mashua, mdogo wangu akashika usukani, nikapiga picha za tanga kutoka chini wakati tunabisha, yaani tunapanda kuelekea upepo unakotoka. Nilifanya hivyo kwa matanga yote mawili, kamba zote zikiwa kwenye alama zilezile, upepo ukiwa wa kilomita 25 kwa saa hivi. Tanga letu la dakroni, ambalo si kuukuu, lilikuwa na kina kikubwa nyuma ya katikati, na ule mstari mweusi wa kutazamia tumbo ulijikunja mwishoni kuelekea upande wa upepo. Tanga la tabaka lilikuwa na kina mbele ya katikati, na nyuma lilikuwa limenyooka. Picha nimezihifadhi, na mwanachama yeyote anayetaka kuziona anaziona.

Mkononi inakuwaje? Kwa dakroni, dhoruba ndogo ikipiga, tumbo linarudi nyuma, ukingo wa nyuma unafunga, mashua inalala, na usukani unakuwa mzito. Nalazimika kulegeza demani, kamba inayoshika tanga kuu, na kupoteza mwendo wakati wenzetu wazito wanajitoa nje tu kuisawazisha mashua na kuendelea. Kwa tanga la tabaka, umbo linabaki. Mlingoti ukipinda, sehemu ya juu inafunguka, upepo wa ziada unatoka, na mashua inachomoka mbele. Sisi wepesi ndio tunaofaidika zaidi. Nasikia sana hoja kwamba malighafi mpya ni ya wenye nguvu na wenye fedha. Kwa habari ya nguvu, nilichokipata ni kinyume chake.

Upepo ukiwa mwanana sikuona faida yoyote. Pengine lilikuwa baya kidogo, kwa sababu ni gumu na linachelewa kujaa baada ya kugeuza mashua. Tanga laini la dakroni linapata umbo kwa pumzi ndogo. Pia dakroni inasikiliza kamba. Ukikaza ukingo wa mbele, unaona tumbo likisogea mbele mara moja. La tabaka linajibu kwa uchache, na kama fundi alilikata vibaya, huna kamba ya kumrekebishia.

Kelele zake ni nyingi. Likipapatika, mdogo wangu hanisikii hata nikipaza sauti, na ilibidi tukubaliane ishara za mkono kwa ajili ya kugeuza. Halikunjwi, linaviringishwa kuanzia juu hadi chini na kuhifadhiwa kwenye mfuko mrefu. Likikunjwa kwa haraka linabaki na mstari mweupe usiofutika, na mstari huo ndio njia ya mpasuko wa kesho. Mkipinduka, asiwepo mtu wa kukanyaga tanga akijinyanyua. Kwa dakroni kosa hilo linasameheka.

Sasa niseme linavyokufa, maana hapa ndipo wapinzani wana hoja nzito. Dakroni inazeeka polepole, na hata ikiisha kwa mbio bado inafaa kufundishia kwa miaka. Tanga la tabaka linashika umbo karibu hadi mwisho, kisha linakwisha ghafla. Gundi inaanza kuachia; unaona vipovu vyeupe karibu na mifuko ya fito, vile vijiti vinavyolikaza tanga, mahali tanga linapojikunja kila siku. Siku moja upepo mkali unapita na mpasuko unakimbia kutoka fito moja hadi nyingine. Letu lilipasuka kipande kifupi kwenye mwisho wa fito ya pili, na nikalazimika kulishusha mbio zikikaribia kuanza. Sikulishona. Sindano kwenye utando inaacha mstari wa matundu, na mstari wa matundu ni mahali pa kupasukia. Nililisafisha chumvi, nikalikausha, nikabandika utepe wa kunata pande zote mbili, pembe za utepe zikiwa zimekatwa duara zisibanduke. Kazi ilikuwa rahisi kuliko kushona dakroni, na mpaka leo imeshika. Lakini ilitaka kufanywa siku ileile. Mwenye tabia ya kusema nitaliangalia wiki ijayo hatadumu na tanga la namna hii.

Pamoja na hayo bado nasema liruhusiwe, na sababu yangu kubwa ni kwamba kanuni tuliyo nayo haimlindi yule tunayesema tunamlinda. Kanuni inataka kitambaa kilichofumwa. World Sailing, chombo kinachosimamia mchezo huu duniani, katika kanuni zake za vifaa, inakitambua kitambaa hicho kwa namna kinavyochanika: kikichanwa, kitengane kuwa nyuzi bila kuacha dalili ya utando. Mafundi wameielewa vizuri mno. Wanatumia dakroni iliyoshibishwa resini hadi inakaribia kuwa ubao. Ukiichana inatoa nyuzi, na mpimaji, yule anayekagua matanga kabla ya mbio, anapiga mhuri. Tanga hilo ni la kasi kwelikweli likiwa jipya, kisha linaporomoka haraka kuliko dakroni ya kawaida. Matokeo yake, anayeshinda ni anayeweza kununua jipya kila msimu, na asiye na uwezo anashindana na tanga ambalo tumbo lake limeshahama. Na hilo tunaliita usawa.

Laser inatufundisha kitu hapa. Mashua hiyo aliyoichora Bruce Kirby, ambayo zimetengenezwa zaidi ya 200,000 na imo kwenye Olimpiki tangu 1996, ilikuwa na tanga la kitambaa cha aunsi 3.8, na lilijulikana kwa kuisha makali mapema. Katikati ya miaka ya 2010 kundi lilileta tanga jipya la kitambaa kizito zaidi, aunsi 4.5, na mapande yaliyokatwa kufuata njia ya nguvu kutoka kwenye pembe za tanga. Bado ni la kufumwa, naam. Lakini walikubali kwamba malighafi inayokufa haraka ndiyo iliyokuwa ikiwaumiza wengi. Upande mwingine, mashua ya 49er imekuwa ya Olimpiki tangu Sydney mwaka 2000 ikiwa na matanga ya utando, na mashua zote bado ni za namna moja kwa sababu kanuni zinabana.

Finn ndiyo inayonipa tahadhari. Ni mashua ninayoiheshimu, iliyochorwa na Rickard Sarby, iliyoshindaniwa Olimpiki kuanzia 1952 hadi michezo ya Tokyo 2020. Huko matanga ya tabaka na milingoti ya kaboni viliruhusiwa, na kila nahodha akawa anatafuta mlingoti na tanga vinavyoendana na uzito wake. Kwa kundi la magwiji inafaa. Kwa kundi letu, lenye wanafunzi na wazazi wanaoshindana na watoto wao, hapana.

Hoja ya asili ya mchezo hainigusi kabisa. Poliesta yenyewe ilivumbuliwa Uingereza mwaka 1941, na katika miaka ya 1950 ndipo ilipoanza kuiondoa pamba kwenye milingoti. Pamba ilikuwa inanywa maji na kuota ukungu. Hakuna anayeomba irudi.

Basi masharti yangu ndiyo haya. Nyuzi ziwe za poliesta peke yake. Kevlar, ambayo Stephanie Kwolek aliigundua mwaka 1965, haivutiki kirahisi, lakini jua linaila na kukunjwakunjwa kunaivunja. Kaboni nayo haipendi kukunjwa. Tukiziruhusu tutakuwa tumebadilisha tanga linalokufa polepole kwa tanga linalokufa upesi, kwa gharama kubwa zaidi. Pili, uwekwe uzito wa chini kwa kila mita ya mraba, ili mafundi wasishindane kutengeneza utando mwembamba unaodumu mashindano mawili tu. Tatu, idadi ya matanga mapya kwa mashua moja kwa mwaka iwe na kikomo, na mpimaji aandike tarehe kwenye pembe ya tanga. Hili la tatu likikataliwa, mimi nitapiga kura ya hapana kwa mapendekezo yote, kwa sababu bila kikomo mwenye fedha atanunua la tabaka kila msimu kama anavyonunua dakroni sasa.

Kwa mashua za kufundishia na za watoto, dakroni ibaki. Optimist imeng'ang'ania tanga la kufumwa tangu enzi za Clark Mills aliyeichora mwaka 1947, na ni sawa kabisa. Mtoto anahitaji tanga linalovumilia kuburutwa kwenye mchanga. Anayeanza kushindana nasi aruhusiwe kuja na dakroni yake bila kuulizwa. Najua atakuwa nyuma. Leo pia yuko nyuma, ila kesho ataweza kununua tanga la tabaka lililotumika misimu miwili na kukuta umbo lake bado liko pale, jambo ambalo dakroni ya mkono wa pili haimpi. Akilinunua, alitandaze chini, aangalie miisho ya fito na njia ya mkunjo, na akiona vipovu vyeupe aliache.

Kama wanachama wanaona hatua ni kubwa mno kuichukua kwa mara moja, tuanze na tanga la mbele. Ni dogo, halina fito ndefu, na ndilo linaloharibika umbo kwanza kwenye kubisha.