Uzoefu wangu: kapsuli za pankreatini baada ya upasuaji wa Whipple

Kapsuli hizi zenye vimeng'enya vya kongosho vya kusaga chakula nazipa nyota nne kati ya tano. Ya tano nimeizuia kwa sababu ya bei, na kwa sababu wengi wetu tunapewa bila kuelekezwa namna ya kuzimeza.

Tatizo linaanzia dirishani famasi, pale bahasha inapoandikwa 1×3. Dawa hii haifuati saa, inafuata chakula. Upasuaji wa Whipple kwa saratani ya kichwa cha kongosho huondoa kichwa hicho, duodeni (mwanzo wa utumbo mdogo), mfuko wa nyongo na sehemu ya mrija wa nyongo, mara nyingine na kipande cha tumbo. Kongosho linalobaki huunganishwa upya, lakini vimeng'enya vyake hupungua, na hata hivyo vichache havikutani na chakula kwa wakati. Mafuta ndiyo hukosa kusagwa zaidi. Choo kinapauka, kinanuka vibaya mno, kinaelea na kuacha utando wa mafuta juu ya maji. Unaflashi mara mbili na bado kimeng'ang'ania. Kwenye choo cha shimo huwezi kuona hayo, kwa hiyo pima uzito kila wiki. Mgonjwa anakonda, ndugu wanaanza kunong'ona kuwa saratani imerudi, kumbe pengine anakula vizuri ila mwili haupati kitu. Inauma, kwa sababu hili lina dawa.

Nguvu ya kapsuli husomwa kwa yuniti za lipesi (kimeng'enya cha kusaga mafuta), kwa kawaida 10,000 au 25,000. Mtu mzima mara nyingi huanzishiwa 50,000 kwa mlo kamili na 25,000 kwa kitafunwa, kisha daktari huongeza kulingana na choo na uzito. Chipsi mayai au samaki wa nazi hudai zaidi kuliko ugali na mchicha. Chai ya maziwa na andazi ni kitafunwa, imezee kapsuli. Tunda tupu (isipokuwa parachichi na ndizi) au chai ya rangi haihitaji. Ukomo unaotumika ni yuniti 10,000 kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Kwa mtu wa kilo 60 hizo ni kapsuli 24 za 25,000, basi ukiandikiwa nane usiogope.

Meza ya kwanza pamoja na tonge la kwanza, nyingine katikati ya mlo. Ukizimeza nusu saa kabla, au baada ya kunawa, umezipoteza. Tumia maji ya baridi, kwani joto la chai huua vimeng'enya. Usitafune. Ikishindikana kumeza, fungua kapsuli, changanya chembe zake na kijiko cha mtindi au juisi ya nanasi, umeze papo hapo, kisha sukutua. Zikibaki mdomoni huchubua fizi. Usizikoroge kwenye uji wa moto. Chupa isikae juu ya friji jikoni wala ndani ya gari juani.

Ukizingatia yote hayo na choo bado kina mafuta, mwambie daktari. Huenda asidi ya tumbo inaharibu vimeng'enya na omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi hiyo, ikasaidia, au bakteria wamezidi kwenye utumbo mdogo. Omba pia kipimo cha sukari na cha vitamini A, D, E na K.

Waislamu wenzangu wajue: dawa hii hutengenezwa kwa kongosho la nguruwe, na hakuna mbadala wa kawaida wenye nguvu ya kutosha. Wengi huitumia kwa hukumu ya dharura. Muulize sheikh wako na umweleze hali yako yote, lakini usiache dawa kimya kimya.

Kuhusu vile vidonge vya bei nafuu vya "kusaidia mmeng'enyo", geuza boksi usome. Kama halitaji yuniti za lipesi, au ni chache mno, rudisha kaunta.