Nilijaribu akili bandia kuchora kibao cha michopo: uzoefu wangu

Mimi ni mchoraji wa vibao hapa Lubumbashi, mtaa wa Katuba. Mwezi uliopita mama mmoja anayeuza michopo, yaani nyama ya mbuzi ya kuchoma, aliniagiza kibao: mbuzi, jiko la makaa, na yeye mwenyewe akikata nyama. Kijana ninayefanya naye kazi akaniambia, "Papa, siku hizi simu inachora yenyewe." Nikanunua mega za intaneti, tukajaribu.

Sifa zake kwanza. Haikufika dakika, picha nne zikatoka. Rangi nilizipenda: moshi wa bluu juu ya wekundu wa makaa, mimi nisingewaza hivyo. Ukitaka kumwonyesha mteja kitu kabla ya kugusa brashi, inafaa sana, maana rangi ni ghali.

Taabu ilianza mama alipoziona. MICHOPO iliandikwa MIHCPOO. Mbuzi alikuwa na manyoya marefu kama wa nchi za theluji. "Huyu mbuzi ametoka wapi, papa?" Hayo yanarekebishika. Lakini mama ana shoto, na wateja wote wanamjua kwa kisu chake cha kushoto. Niliandika "mkono wa kushoto" mara tisa, kwa Kifaransa na kwa Kiswahili. Mara tisa kisu kikakaa kulia! Programu hizi zimefundishwa kwa mamilioni ya picha, na watu wengi hutumia kulia, basi inarudi palepale ilipozoea.

Wenzangu wanasema ni mwizi, inanakili tu. Nashindwa kuitukana hivyo. Mzee aliyenifundisha alinichorisha mamba muntu, yule nguva nusu mwanamke nusu samaki, mpaka nikaweza kumchora gizani: nywele ndefu, saa mkononi, nyoka. Wachoraji wa mji huu tumekula kwa kurudia. Tshibumba Kanda Matulu mwenyewe, aliyechora historia ya Zaire hapa hapa miaka ya 1970, Lumumba hakumchora mara moja. Ila mnunuzi alikuja akasema, "Mamba muntu wangu mvalishe mkufu kama wa marehemu mke wangu," nawe ukauliza ulikuwaje, naye akaanza kusimulia, na picha ikageuka. Simu haikuuliza kitu. Hata mara ya tisa haikuuliza kwa nini nang'ang'ania kushoto.

Nyota tatu kati ya tano. Ule moshi wa bluu nimeuiba, uko kwenye kibao. Mkono niliuchora mwenyewe, baada ya kukaa jioni mbili kando ya jiko lake, na michopo sikulipa.