TAHADHARI: Wauzaji wa mafuta ya mkaratusi na karafuu wanaowaachisha wagonjwa dawa za TB

Kama una mgonjwa wa kifua kikuu nyumbani, hasa aliye kwenye miezi miwili ya mwanzo ya dawa, soma hii. Yeye ndiye anayewindwa.

Wauzaji wako kwenye makundi ya WhatsApp, Facebook na TikTok. Chupa ni ndogo, ya kioo cha kahawia, mililita 10 au 30, imeandikwa mkaratusi, karafuu, mchaichai, oregano au "mchanganyiko wa mapafu". Siku ya kwanza hawakwambii uache dawa. Wanasema mafuta yanasaidia vidonge vya hospitali, utumie vyote kwa pamoja. Unatuma hela na ya kutolea, mzigo unakuja kwa basi. Mpaka hapo mtu anajiambia hakuna ubaya.

Ubaya unakuja wiki ya tatu. Mgonjwa aliyeanza vidonge vyenye dawa nne ndani yake (rifampisini, isoniazidi, pirazinamidi na ethambutoli) kwa kawaida huanza kupata nafuu ndani ya wiki mbili tatu: homa inashuka, jasho la usiku linapungua, hamu ya kula inarudi. Hiyo ni kazi ya vidonge. Muuzaji anajua, ndiyo maana anapiga simu siku hizohizo kuulizia hali. Akisikia nafuu anasema: umeona mafuta yalivyofanya kazi? Sasa pumzisha ini, acha hizo kemikali, chukua chupa tatu za kumalizia.

Mgonjwa akitaja mkojo mwekundu, anaambiwa figo zinaungua. Si kweli. Rifampisini ina rangi nyekundu, inatoka kwenye mkojo, jasho hata machozi. Akitaja ganzi ya miguu, anauziwa mafuta ya kuchua, wakati ganzi hiyo mara nyingi inaletwa na isoniazidi na hutibiwa kwa vitamini B6, ambayo aiulizie palepale anapochukulia dawa. Macho kuwa ya njano, kutapika mfululizo au kuona vibaya ni jambo jingine: hapo nenda kituoni siku hiyohiyo, usisubiri tarehe ya kliniki.

Kwa nini miezi sita, na mtu ameshapona kwa macho? Mtu mzima humeza vidonge vya dawa nne kila siku kwa miezi 2, idadi yake kulingana na uzito, halafu rifampisini na isoniazidi kwa miezi 4. Miezi ile ya mwanzo inaua bakteria wengi wanaozaana haraka. Wanaobaki wamelala, wanakua polepole, na dawa inawafikia pole pole. Ukiacha mapema hao ndio wanaoamka. Wakiamka na usugu wa rifampisini, vile vidonge vya kawaida havitakutibu tena. Unaingia kwenye dawa za TB sugu, zenye madhara makali zaidi na ufuatiliaji mkubwa zaidi.

Muuzaji atakutumia utafiti. Ni kweli mafuta kadhaa ya mimea yamezuia bakteria wa TB kwenye kisahani cha maabara. Lakini pale mafuta yanamwagiwa bakteria moja kwa moja. Ndani ya pafu bakteria wamejificha kwenye vinundu na mashimo, na kiasi cha kuwafikia huko kwa kunusa au kunywa matone kitamdhuru mgonjwa kabla hakijawadhuru wao. Ile hali ya kifua kufunguka ukinusa mkaratusi ni ubaridi unaohisiwa na mishipa ya fahamu ya pua. Makohozi yanabaki na bakteria walewale.

Kunywa ndiko kunakotutisha zaidi. Kijiko kimoja cha chai, mililita 5, cha mafuta ya mkaratusi yasiyochanganywa kinaweza kumpa mtu mzima sumu kali. Mtoto anaweza kupata degedege au kupoteza fahamu kwa kiasi pungufu ya hapo. Mafuta ya karafuu yakinywewa kwa wingi yanaumiza ini, na dawa tatu kati ya zile nne tayari zinalielemea ini hilohilo. Mtu akiyameza, msimtapishe: yanaweza kuingia kwenye mapafu. Mkimbizeni hospitali, na chupa mwende nayo.

Kujifukiza nako kuna hatari isiyosemwa. Mgonjwa aliye na TB ya mapafu na ambaye dawa haijamkolea anafunikwa blanketi moja na mtoto au mama mjamzito, sufuria katikati, wote wanavuta hewa ileile anayokoholea. TB inaambukiza kwa njia hiyohiyo. Fungueni madirisha, mgonjwa afunike mdomo akikohoa, blanketi liwekwe kando.

Mafuta yenyewe hayana kosa. Kule Wawi, Pemba, ya karafuu yanatengenezwa kwa makonyo yake, na kazi zake zinajulikana, kuanzia sabuni hadi manukato. Anayependa harufu aweke tone moja kwenye leso, kama hana pumu, na amwambie muuguzi. Usimpake mtoto mchanga usoni wala puani.

Ukionyeshwa cheti, kisome. Cha BRELA, wakala wa usajili wa biashara Tanzania, kinasajili jina la biashara. TIN ni ya kodi. Hakuna hata kimoja kinachothibitisha kuwa kilicho kwenye chupa kinatibu. Dawa husajiliwa na TMDA, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Tiba asili husimamiwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Omba namba ya usajili ya bidhaa yenyewe, uiulizie huko. Na kumbuka dawa za TB hutolewa bure kwenye vituo vya serikali.

Aliyekwisha kuacha dawa arudi leo, asione haya. Abebe kadi yake, vidonge vilivyobaki na chupa ya mafuta, aseme siku kamili alizokosa. Asimeze dozi mbili kufidia. Aliyekatiza miezi miwili mfululizo au zaidi atapimwa makohozi upya, na mashine ya GeneXpert inaonyesha kwa takriban saa mbili kama kuna usugu wa rifampisini. Makohozi yatoke kifuani asubuhi, yasiwe mate. Meseji za muuzaji na risiti ya muamala zisifutwe. Zipigeni picha pamoja na lebo ya chupa, mzifikishe TMDA.